Mama Ovaloki na Somo la Sita

Simu ya Mama Ovaloki ilikuwa haijabip kwa siku kumi na tatu. Aliyegundua wa kwanza ni mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa dereva mstaafu, na mstaafu hana kazi nyingine ila kugundua.

"Leo nayo kimya," alisema, akaitoa ile simu ya vitufe juu ya friji na kuitikisa sikioni kama mtu anayepima yai. "Hii imekata roho, mama watoto."

"Iache hapo. Ina chaji kuliko wewe."

Ijulikane kwamba simu ile haikuwa ya kuongea. Ya kuongea ilikuwa nyingine, ya kioo, aliyonunuliwa na wanawe na ambayo mpaka leo anaishika kwa vidole viwili kama sahani ya moto. Hii ya vitufe, ambayo tano yake ilishafutika, ilikuwa na kazi moja tu. Kila mwanafunzi, siku ya kwanza, aliandikiwa namba yake na kupewa sharti: "Siku ukiajiriwa, usinipigie. Wewe huna salio na mimi sina muda. Nibip mara moja, ukate. Nikiona, nimejua."

Na kwa miaka mitatu walikuwa wakibip. Mama Ovaloki yuko jikoni anakoroga chai, simu inalia mlio mmoja, inanyamaza. Mume sebuleni anasema, "Mwingine huyo." Mama Ovaloki hajibu kitu, ila chai ya siku hiyo huwa na sukari ya kutosha. Wiki mbaya, mibipo miwili. Wiki nzuri, sita au saba. Siku kumi na tatu bila hata mmoja hazijawahi kutokea, hata mwaka ule mafuriko yalipoingia mpaka kwenye masufuria.

Jina la Mama Ovaloki hakulipata kwa kuzaa. Wanawe wawili wa kuzaa walishazoea kuwa na ndugu wa chuma. Ovaloki ni ile cherehani inayomalizia kingo za nguo kwa ndani zisichanike nyuzi. Geuza fulana uliyovaa utaiona kazi yake. Cherehani ya kawaida ina uzi mmoja juu na mmoja chini, na mtu mwenye macho na subira anaipitisha. Ovaloki ina nyuzi nne. Nyuzi hizo zinapita kwenye matundu, ndoana na vidole viwili vya chuma vilivyofichwa tumboni mwa mashine, kwa mpangilio ambao aliyeubuni lazima siku hiyo alikuwa amegombana na mtu.

Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana, kufagia vipande. Zama hizo kiwanda kizima, mashine arobaini, kilikuwa na mtu mmoja tu wa kupitisha uzi kwenye ovaloki: fundi mkuu, bwana mwenye tumbo la heshima na funguo kiunoni zinazolia kabla hajafika. Uzi ukikatika, mashine inasimama, safu nzima ya washonaji inakunja mikono, na fundi mkuu anamaliza chai yake kwanza. Akija, anageuka, anawapa watu mgongo mpana kama mlango wa ghala, anafanya mambo yake, anaondoka. Hakuna aliyewahi kuona. Ndiyo maana alikuwa fundi mkuu.

Ila alisahau kitu kimoja. Mgongo ule uliziba juu, chini haukuziba. Na chini, amelala ubavu kati ya miguu ya meza akivuta vipande kwa ufagio, kulikuwa na msichana ambaye hakuna aliyemwona. Mashine zile matumbo yake yalikuwa wazi kwa chini. Miezi minane alitazama vidole vya bwana yule vikiingia na kutoka. Kidole cha juu cha mashine kwanza. Kisha kidole cha chini. Sindano mwisho kabisa. Ukitanguliza sindano, uzi unajifunga kule chini na unakatika kabla hujashona hata kiganja.

Siku fundi mkuu alipougua meno, safu ilisimama tangu asubuhi. Saa nne msichana wa ufagio akasema, "Naweza kujaribu?" Wakacheka. Saa nne na robo mashine ikaunguruma, na waliocheka wakafunga midomo. Fundi mkuu aliporudi na shavu lake limevimba alikuta mtu ameshapewa jina.

Akakaa kiwandani miaka ishirini na miwili. Kilipofungwa, wenzake walichukua barua za shukrani. Yeye akachukua mashine sita, akazipandisha kwenye chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la rangi, akaanza kufundisha. Na alikuwa anajua jambo ambalo vyuo vyenye geti na bendera havikulijua, au vililijua vikanyamaza: hakuna karakana ya kushona isiyokuwa na ovaloki moja imesimama inamsubiri mtu. Anayejua kuipitisha haombi kazi. Anavutwa mkono.

Kwa hiyo aliliweka somo hilo la sita. Si la kwanza, maana mkono mbichi ndani ya ovaloki unatoka bila kucha. Matano ya mwanzo yalikuwa ya kuufundisha mkono adabu. La sita, nyuzi. Kuanzia la saba mpaka la ishirini yalikuwa ya kumfanya mtu awe fundi kamili: vitambaa, vipimo, kukata, kuongoza wenzako.

Masomo ishirini hayo yaliingia kwenye simu kwa kazi ya mtoto wa kaka yake. Huyu alisoma kompyuta, akajiita mwanzilishi mwenza. Shangazi yake akamwita Injinia, nusu heshima nusu kumchokoza. Alimrekodi shangazi akifundisha, akaikata sauti vipande vipande, akaitia kwenye programu ambayo mtu anaisikiliza huku anafua, anapika au analinda geti la mwenye nyumba. Mara mbili kwa wiki wanafunzi wanapanda ghorofani kugusa mashine. Injinia alitaka programu iitwe jina la Kizungu. Shangazi akamwuliza mtamkaji atakuwa nani. Ikaitwa Pita Uzi.

Tatizo lilikuwa mtaji. Ruzuku iliyowaanzisha ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi; ikiisha, masomo ya simu yanazimwa, na chumba kinarudi kwa mwenye duka la rangi, ambaye alishaanza kupanda ngazi mara kwa mara kukipima kwa macho. Injinia alitafuta mpaka akapata mfuko mmoja wa uwekezaji. Hawa ni watu wanaoweka fedha kwenye kampuni changa, wanachukua hisa, kisha wanakaa wanaomba Mungu kitu kikue. Mfuko ulipendezwa. Mwakilishi wao angekuja Alhamisi. Ili chumba kipendeze, Injinia alikifunga wiki mbili kipakwe rangi, mashine zikafunikwa mashuka, na wanafunzi wakaambiwa waendelee na simu tu.

Hapo ndipo simu juu ya friji iliponyamaza.

Jumatatu asubuhi simu ya kioo ndiyo iliyolia. Alikuwa mwenye karakana ya sare za shule, mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akichukua wanafunzi wa Mama Ovaloki kama anayechuma pilipili dirishani. Kila mtu alimwita Tajiri, ingawa kila anapoitwa hivyo anakunja uso.

"Mama, habari ya asubuhi. Nakuuliza kwa heshima tu. Siku hizi umefungua chuo cha historia?"

"Historia ya nini, Tajiri?"

"Ananijia mwanamke Ijumaa, mrefu, mfua nguo. Ananiambia, nimemaliza somo la sita la Mama Ovaloki. Mimi kwa neno hilo naulizia nini tena? Nikamkalisha. Akatanguliza sindano, Mama. Sindano! Uzi tap. Akafunga tena, tap. Nikamwuliza, kwani mlifundishwa nini huko? Akanieleza pamba ilianzia wapi duniani. Na ameieleza vizuri, sikatai. Ila mimi nina oda ya sare."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimrudisha nyumbani, nifanyeje? Analia ngazini kwangu, eti ameshawaaga wenye nguo zao. Wanne aliwaaga." Tajiri akashusha sauti. "Mama, watu wako mimi huwa siwapimi. Sasa nianze kuwapima?"

Mama Ovaloki alikata simu, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Kwa kawaida hakuwahi kusikiliza masomo yake mwenyewe. Alisema sauti yake kwenye simu ni ya mbuzi aliyekabwa. Siku hiyo alifungua Pita Uzi, akagusa somo la sita kwa kile kidole chake cha uangalifu.

"Pamba," ikasema sauti yake, "ni mmea wa zamani sana."

Hili lilikuwa somo la saba. Aliteremka na orodha. Saba, viuno na vipimo. Nane, kukata. Akateremka mpaka chini kabisa, na huko, ishirini, kama bibi harusi aliyefichwa chumbani: Kupitisha Nyuzi Kwenye Ovaloki.

Mumewe aliuliza anakwenda wapi na kanga ya ndani. Hakujibu, ila alirudi akabadilisha.

Alimkuta Injinia chumbani kwao juu ya duka la rangi, amepanda kiti, anabandika picha ya mwanamke anayecheka na cherehani ambayo hata kuchomekwa kwenye umeme haijachomekwa.

"Shuka," alisema shangazi.

"Shangazi, karibu. Nimepaka hii kona..."

"Shuka nikutukane uso kwa uso, shingo isije ikaniuma."

Akashuka. Hakujitetea kwa uongo, hilo tumpe. Alikokota kiti akafungua kompyuta na kumwonyesha mstari mmoja mwekundu. Mstari ulianza juu, ukatembea vizuri somo la kwanza, la pili, mpaka la sita. Baada ya hapo ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Waliofika ishirini walikuwa mmoja kati ya kumi.

"Wanaacha," alisema Injinia. "Fomu ya mfuko ina swali moja wanalolipenda kuliko mama zao: wangapi wanamaliza? Wanataka angalau nusu. Sisi tuna kumi kwa mia. Shangazi, kwa namba hiyo hawatupi hata kalamu."

"Kwa hiyo ukachukua la sita."

"Nikalipeleka mwisho ili wasubiri. Ni kama tamthilia. Huwezi kumkamata jambazi kipindi cha sita, watu wanazima televisheni."

"Mimi sifundishi jambazi."

"Najua. Lakini angalia." Akabonyeza, ukatokea mstari mwingine, wa kijani, wa wiki hizi mbili. Haukuanguka. Ulivuka sita, ukavuka saba, ukafika kumi na mbili ukiwa na pumzi. "Wanaendelea! Mpaka Alhamisi tu. Tukipata mtaji nalirudisha mahali pake, naapa."

"Mfua nguo amewaaga watu wanne," alisema shangazi yake.

Injinia hakujua ni mfua nguo yupi, akaelezwa. Akawa anakwangua rangi kavu kwenye kucha.

"Wiki moja, shangazi. Siku tatu hata. Tukifungiwa, si yeye peke yake, ni wote. Hata hao wa kesho kutwa ambao hawajajua kama kuna ovaloki duniani."

Hapo alimbana kweli. Mama Ovaloki alitazama zile mashine sita chini ya mashuka, zimekaa kama wageni waliokosa kupokelewa. Alijua duka la rangi linasubiri chumba. Alijua pia kwamba kijana hajapokea mshahara miezi minne na hajawahi kulisema hilo hata akiwa na hasira.

"Alhamisi nitakuja," alisema. "Rangi hiyo umeipaka vibaya kwenye kona."

Alhamisi saa tatu mwekezaji alipanda ngazi. Kila mtu alitarajia mzee mwenye tai. Akatokea mwanamke wa miaka kama arobaini, viatu vya chini, daftari la karatasi, na jasho la kawaida la mtu aliyepanda ghorofa tatu. Alimwamkia Mama Ovaloki shikamoo, akaomba maji, akayanywa yote. Mama Ovaloki akajikuta anampenda, na hilo likamkera, maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

Mashine zilishafunuliwa mashuka. Simu ya vitufe ilikuwa dirishani, maana siku hizo alihama nayo popote alipokwenda. Injinia aliwasha ukuta kwa picha zake, akasema alichojifunza kusema: soko, ukuaji, nguvukazi, vijana, wanawake, na neno "mfumo" mara tisa. Mwekezaji aliandika kidogo, akauliza mengi. Mwishowe ukatokea mstari wa kijani.

"Huu ndio nilitaka kuuona," alisema. "Mwezi uliopita mlinitumia mstari unaoanguka hapa katikati. Kusema kweli, kamati yangu ilikuwa karibu kuwaacha. Sasa watu wanavuka. Ndani ya wiki mbili! Mmefanya nini?"

"Tuliboresha mpangilio wa maudhui," alisema Injinia. Sauti ilimtoka nyembamba.

Mwekezaji akaandika. Kalamu yake ilisikika chumba kizima. Alikuwa amefurahi, hilo lilionekana. Akigeuza ukurasa tu, mambo yangekuwa yamekwisha. Injinia alimtazama shangazi yake, si kwa kumwonya, bali kama mtu aliyesimama mlangoni mwa daktari wa meno.

Mama Ovaloki aliitazama simu dirishani. Kisha akavuta kiti.

"Mwanangu," alisema, "alichofanya huyu kijana ni kulichukua somo la sita akalipeleka la ishirini. Watu hawaondoki kwa sababu hawajapata walichofuata. Hata wewe nikikufungia mlango hapa, nitasema umekipenda chumba changu."

Kalamu ikasimama.

"Zamani walikuwa wanaondoka baada ya la sita," mwekezaji akasema taratibu. "Wanakwenda wapi?"

"Kazini."

"Wote?"

"Si wote. Wengi."

"Una orodha? Mikataba? Barua za waajiri?"

"Sina."

"Una kitu gani, mama?"

Mama Ovaloki akanyoosha mkono dirishani. "Nina simu."

Akaeleza habari ya kubip. Mwekezaji alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa mdomo wake ulihangaika kidogo. Simu ile ilikumbuka mibipo ishirini tu; ya zamani ilikuwa imeshaimeza. Mwekezaji akaipokea, akaigeuza, akatazama ile orodha ya namba zisizo na majina.

"Tukiwapigia?"

Injinia alitumia simu yake mwenyewe kuiwekea salio. Ilikuwa mara ya kwanza simu ile kula kitu zaidi ya umeme. Wakaiweka juu ya ovaloki ya katikati, sauti juu, wakapiga namba ya kwanza.

Kelele za cherehani zilijaa chumba. "Mwalimu! Mwalimu niko kazini, msimamizi ananitazama..." Tup. Ikakatika.

Ya pili iliita mpaka mwisho. Dakika moja baadaye ukaja ujumbe: *Niko zamu mwalimu ntakutafuta mchana.*

Ya tatu alipokea mwanaume, ananong'ona. "Mwalimu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Nakusalimia tu."

"Hujawahi kunisalimia. Kweli hakuna aliyekufa?"

"Kweli."

"Basi naomba nikate, nina kola mia mbili." Tup.

Ya nne haikupatikana. Ya tano, kelele, na mwanamke akasema, "Eh, leo mbona wewe ndiye unayebip?" akacheka, akakata. Mwekezaji alikuwa ameacha kuandika, amesogea mbele amekaa ukingoni mwa kiti.

Ya sita ilikuwa kimya nyuma yake. Hakuna mashine. Mtoto analia mbali.

"Mwalimu," alisema msichana. "Nilisimamishwa mwezi uliopita. Oda ziliisha, wakatupunguza."

"Mbona hukunijulisha?"

"Ningekujulishaje? Ulituambia tukiajiriwa tubip. Tukiachishwa hukutuambia tubip vipi."

Mama Ovaloki akainamia simu. Miaka mitatu alikuwa amehesabu wanaoingia mlangoni kwa watu, hajawahi kuwaza kuna wanaotoka. Alimwambia msichana aje Jumatatu ghorofani, akasema kuna karakana inatafuta mtu. Akakata yeye, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walipiga kumi na nne. Tisa walikuwa kazini na karibu wote walikata simu haraka, tena bila adabu. Watatu hawakupatikana. Wawili walikuwa wameachishwa. Ukweli ukakaa hapo juu ya mashine bila kupakwa rangi.

"Kwa miaka niliyofanya kazi hii," alisema mwekezaji, "sijawahi kukatiwa simu na watu wengi hivi." Akamgeukia Injinia, na tabasamu likaondoka. "Huu mstari wa kijani. Ulinionyesha ukijua?"

"Nilijua."

"Usirudie. Mwingine angeshakuwa kwenye ngazi."

"Sirudii."

"Nionyeshe ule mwekundu."

Injinia akautoa. Mwekezaji aliutazama muda mrefu pale unapoanguka, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi, kisha akafunga daftari. Hakuahidi kitu. Alisema yeye ana moyo lakini kamati ina fomu, na atakwenda kugombana na fomu. Pale mlangoni aligeuka akauliza, "Tuseme mibipo miwili iwe kuachishwa, kompyuta inaweza kuitofautisha?"

"Nusu siku," alisema Injinia. "Naitengeneza nusu siku."

Aliposhuka, Injinia alikaa sakafuni. "Tumekwisha, shangazi."

"Pengine. Rudisha somo langu."

Akalirudisha pale pale, shangazi amesimama nyuma yake mpaka aone sita imekaa kwenye sita. Kisha akamwambia awashe maikrofoni, akarekodi maneno ya kuwatumia wote waliopita katika wiki zile mbili: kwamba kosa ni la chuo, si lao, kwamba pamba itasubiri, imesubiri siku nyingi, warudi Jumatatu, chumba kiko wazi na kinanuka rangi.

Mfua nguo, Mama Ovaloki hakumngoja mpaka Jumatatu. Alimwendea mwenyewe Ijumaa, akamkuta kwenye mabeseni ya mteja mmoja aliyekubali kumrudisha.

"Mwalimu, mimi kichwa changu kizito," alisema yule mwanamke mrefu, mikono imejaa povu. "Nimesikiliza yote sita mara tatu tatu."

"Kichwa chako kizima. Mimi ndiye niliyekupa somo bovu. Futa mikono."

Ghorofani hakumkalisha kwenye kiti. Alitandika gazeti chini ya ovaloki akamwambia alale. Mwanamke akamtazama kuona kama anatania.

"Lala. Juu watu wanaziba. Chini kila kitu kinaonekana."

Akalala, miguu yake mirefu imetokeza mpaka mlangoni, na Mama Ovaloki akapitisha nyuzi juu yake taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kutoka chini sauti ilikuwa inasema: "Kidole cha juu. Ehe. Cha chini. Kumbe kinapita hapo, mjinga huyu! Sindano mwisho." Mchana mfua nguo alikuwa juu ya kiti, na mashine ilishona bila kukata uzi mpaka kitambaa kikaisha, akaomba kingine.

Jibu la mfuko lilikuja baada ya siku tisa. Walitoa nusu ya walichoombwa, na hisa wakachukua kidogo zaidi ya Injinia alivyotaka, naye alinung'unika siku nzima huku akipiga mluzi. Sharti lilikuwa jipya: hawataulizwa tena wangapi wamemaliza. Wataulizwa wangapi wamebip mara moja, wangapi mara mbili, na miezi mitatu baadaye wangapi bado wako kazini. Mwenye duka la rangi alikuja kuwapongeza, akakipima chumba kwa macho mara ya mwisho, akashuka.

Ndipo asubuhi moja, Mama Ovaloki yuko jikoni, simu juu ya friji ikalia.

Mlio mmoja. Alitabasamu kwenye sufuria, akaendelea kukoroga.

Mlio wa pili. Kijiko kikasimama. Miwili ni kuachishwa, na ni nani tena huyo?

Wa tatu. Wa nne. Mumewe akatokea mlangoni. "Hii imeharibika. Inalia kama simu."

Mama Ovaloki aliinyanyua, akaisoma ile namba. Alikuwa ameshaipiga mara kadhaa wiki ile kuuliza kama Tajiri amekubali kumjaribu tena. Simu ilikuwa inatetemeka kiganjani, haikati.

"Mfua nguo," alisema.

"Mbona hakati?"

"Sijui. Hawajawahi kutokata."

"Ana salio huyo," alisema mumewe. "Pokea basi, mama watoto, mwenzio anaunguza mshahara wake."

Akafuta mikono kwenye kanga, moja kisha nyingine, akatafuta kitufe cha kijani.